Kuunganisha simu kwenye redio asilia ya Toyota NZE bila kuing'oa

MkaziKahawa

Hamjambo wanajukwaa. Nina Toyota Corolla NZE ya mwaka 2003 iliyoletwa kutoka Japani ikiwa na redio yake ya kiwandani, ile pana yenye CD na kaseti, ambayo hadi leo inafanya kazi bila tatizo isipokuwa haina tundu la AUX, yaani la kuingizia sauti kwa waya, wala la USB. Ningependa kusikiliza muziki na mahubiri niliyoyahifadhi kwenye simu ninapokuwa katika foleni ya Thika Road, lakini sitaki kuing'oa redio hii. Sauti yake inaniridhisha, taa zake zinalingana na za dashibodi, na isitoshe sijasikia mwizi wa Nairobi aliyevunja kioo cha gari kwa ajili ya redio ya kaseti.

Nimekuwa nikitumia kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti ya simu kwa masafa ya FM. Kama mnavyojua, redio za Japani za wakati ule husoma megahezi 76 hadi 90 tu, kwa hiyo gari langu, kama mengi ya aina yake, limefungwa kibadilisha masafa kwenye waya wa antena, na Capital FM, ambayo ni 98.4, mimi huipata kwenye 83.4. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni kwamba masafa yaliyo matupu nikiwa Kahawa huwa yana mwenyewe nikifika Pangani, na wimbo wangu huanza kukoroma chini ya matangazo ya watu wengine.

Fundi mmoja wa Kirinyaga Road ameniambia kwamba atakata waya za spika za mbele na kuunganisha hapo waya unaotoka kwenye simu. Mwingine amesema kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa na kwamba ninunue redio mpya. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama kuna njia ya kuingiza sauti ya simu kwa waya ndani ya redio hii bila kuiharibu, na kama ipo, nianzie wapi.

Dereva_Langata

Ndugu Mkazi, mimi namuunga mkono fundi wako wa pili, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Redio mpya, hata ile ya bei ya chini, huja na AUX, USB na Bluetooth, na husoma FM hadi 108, kwa hiyo kile kibadilisha masafa utakitupa na namba za vituo zitarudi kuwa zile zinazotangazwa. Huhitaji kukata waya wowote, kwa kuwa redio za Toyota hutumia plagi mbili nyeupe, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na waya za kuunganishia zenye plagi hizo zinauzwa tayari. Jambo moja tu la kuangalia ni upana: redio asilia ya Toyota kutoka Japani ina milimita 200, ilhali redio za kawaida zina takriban 180, kwa hiyo utahitaji vipande vya plastiki vya kuziba pengo lililobaki kila upande. Ukifungiwa bila vipande hivyo, dashibodi itaonekana kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno.

FundiNgara

Mwenye gari amesema waziwazi kwamba hataki kuing'oa redio, kwa hiyo tumjibu alichouliza.

Kwanza kabisa, Ndugu Mkazi, usimruhusu mtu yeyote aunganishe simu yako kwenye waya za spika. Waya hizo ni njia ya kutokea, si ya kuingilia. Ampilifaya ya redio ya gari huendesha spika kwa waya mbili ambazo hakuna hata mmoja uliofungwa kwenye bodi la gari, na redio ikiwa imewashwa, kila mmoja wa waya hizo huwa na takriban nusu ya volti za betri, yaani kati ya volti 6 na 7, hata muziki ukiwa umenyamaza. Ukichomeka simu hapo, umeme huo utaingia kwenye tundu la spika za masikio la simu, nalo halikutengenezwa kupokea chochote. Hata simu ikinusurika, haina nguvu ya kusukuma spika ya mlangoni, kwa hiyo hutasikia kitu cha maana. Nimeona kazi ya namna hiyo zaidi ya mara moja, na mara zote mwenye gari alikuwa amekwisha kulipa.

Pili, itoe redio uangalie mgongo wake kabla ya kununua chochote. Toa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na chaji kwa muda. Ondoa fremu ya plastiki kwa kuivuta taratibu kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi, kwa maana plastiki ya umri huo hupasuka kwa hasira kidogo tu. Redio yenyewe hushikwa na bolti nne za spana namba 10. Juu yake utakuta kibandiko chenye namba inayoanza na 86120 na jina la aliyeitengeneza, mara nyingi Fujitsu Ten au Matsushita. Piga picha ya kibandiko hicho pamoja na ya mgongo wote.

Unachotafuta ni soketi ya kibadilishaji CD, yaani kile kisanduku cha CD sita kilichokuwa kikifungwa kwenye buti. Kwenye Toyota za miaka yako kwa kawaida soketi hiyo huwa na pini 12 zilizogawanywa 5 na 7, na kwenye zilizofuata baada ya mwaka 2004 hivi huwa ndogo zaidi, imegawanywa 6 na 6. Ikiwepo, basi kiwanda kilikuachia mlango. Ndani yake mna waya wa sauti ya kushoto, wa kulia, ardhi ya sauti hiyo (yaani waya hasi wa kurudia), umeme, na jozi ya waya za mawasiliano ambazo Toyota huziita TX+ na TX-, zinazobeba lugha ya AVC-LAN. Watu wengi hukosea hapa: huunganisha waya za sauti peke yake na kushangaa kwa nini hakuna kinachosikika. Redio haifungui njia hiyo mpaka isikie kibadilishaji CD kikiitikia kupitia TX+ na TX-. Kwa hiyo unahitaji kisanduku kidogo kinachojifanya kibadilishaji CD. Kinachojulikana zaidi ni cha Yatour, na vipo vyenye AUX, USB, hata Bluetooth. Unakichomeka, unakificha nyuma ya sanduku la glavu, unabonyeza kitufe cha CD mpaka redio ihamie kwake, basi. Hakuna waya unaokatwa, na siku ya kuuza gari unakichomoa.

Nyongeza kwa wasomaji wengine wenye magari ya karibuni zaidi: msitoe betri ovyo kama gari lina redio ya Toyota yenye skrini na ramani ya Japani. Nyingi za hizo zikikosa umeme hujifunga na kuonyesha namba ya ERC, na hazifunguki bila msimbo wake. Vilevile kadi ya SD ya ramani msiitoe kwa kudhani kwamba haina kazi kwa kuwa ramani ni ya Japani. Bila hiyo redio nyingine hukataa kuwaka. Redio ya kaseti kama ya Ndugu Mkazi kwa kawaida haina masharti hayo.

MkaziKahawa

Asante sana, Fundi. Nimeitoa na kuiangalia. Namba inaanza na 86120 kama ulivyosema, na mtengenezaji ni Fujitsu Ten. Plagi ya pini 10 na ya pini 6 zipo, na ya antena ipo. Mahali ambapo ningetarajia soketi ya pini 12, bati la nyuma lina nafasi iliyokatwa, lakini ndani yake hakuna soketi. Naona ubao wa saketi wenye vitobo vitupu. Je, ndiyo mwisho wa safari?

Mhandisi_Syokimau

Si mwisho, ila kuanzia hapa kazi inahitaji mkono uliozoea pasi ya kulehemu. Vitobo vitupu maana yake ni kwamba kiwanda kilitumia ubao mmoja kwa redio za madaraja mbalimbali, na yako ni ya daraja ambalo halikuwekewa soketi. Usishawishike kulehemu soketi hapo na kutumaini, kwa sababu mara nyingi vijenzi vinavyohudumia soketi hiyo navyo hawakuviweka, na pengine programu ya redio haijui kwamba njia hiyo ipo.

Njia iliyobaki ni kuingiza sauti mahali ambapo sauti ya CD inapita. Ndani ya redio, sauti ya FM, ya kaseti na ya CD zote huishia kwenye chipu moja ambayo huchagua chanzo, hupandisha na kushusha sauti, na hurekebisha besi, kisha ndiyo sauti ipelekwe kwenye ampilifaya. Kiungo kati ya mtambo wa CD na ubao mkuu kwa kawaida ni utepe wa waya, na humo mna sauti ya kushoto, ya kulia na ardhi yake. Soma namba iliyoandikwa kwenye chipu, utafute karatasi yake ya maelezo kwenye intaneti, na uhakikishe miguu ya kuingilia kabla ya kugusa kitu. Fundi asiyetaka kusoma karatasi hiyo usimpe redio yako.

Mambo matatu huamua kama kazi itatoka safi. La kwanza ni kwamba vyanzo viwili haviunganishwi pamoja moja kwa moja. Ukilehemu waya wa simu juu ya waya wa CD, mtambo wa CD na simu vitasukumana, sauti itapungua na pengine kuchakaa. Tumia tundu lenye swichi ndani yake: plagi isipochomekwa, sauti ya CD hupita humo kama kawaida, plagi ikichomekwa, tundu hukata CD na kuipa simu nafasi. Hii ina maana kwamba utakata njia ya sauti ya CD na kuipitisha kwenye tundu, kushoto na kulia kila moja peke yake.

La pili ni kapasita. Miguu ya kuingilia ya chipu za namna hii hukaa kwenye volti za mkondo mnyofu (DC), mara nyingi nusu ya umeme unaoilisha chipu, kwa mfano volti 4.5 kama inalishwa 9. Volti hizo hazipaswi kufika kwenye simu. Kapasita iliyowekwa mfululizo huzizuia na kupitisha muziki. Watu huokota kapasita yoyote iliyo karibu, kisha hulalamika kwamba besi imepotea, ilhali hesabu ni nyepesi: kama mlango wa chipu una upinzani wa kiloomu 10, kapasita ya mikrofaradi 1 huanza kupunguza sauti kuanzia hezi 16 kwenda chini, ambako sikio halijali, ya mikrofaradi 0.1 huanza kwenye hezi 159, na hapo gitaa zito la rumba limekwisha kwenda. Kama ubao tayari una kapasita kati ya utepe na chipu, unganisha upande wa utepe na hutahitaji nyingine. Pima kwa mita ya kupimia volti kabla ya kuamini.

La tatu ni waya. Kati ya ubao na tundu tumia waya wenye wavu wa shaba unaozunguka nyuzi za ndani, na wavu huo uunganishwe kwenye ardhi ya sauti ya redio peke yake. Usiufunge kwenye bati la dashibodi kwa sababu tu liko karibu.

Ukimaliza, redio bado itataka kuamini kwamba inacheza CD, kwa hiyo utachoma CD ya kimya, dakika 80 za faili tupu, na kuiacha ijirudie. CD hiyo ina faida moja ambayo haikukusudiwa: ikiruka kwenye mashimo ya barabara, hakuna anayesikia. Lakini ikiruka sana mpaka redio iseme kwamba imeshindwa kuisoma, itakurudisha kwenye FM, na hapo utalazimika kubonyeza kitufe upya. Simu nayo iweke karibu na robo tatu ya sauti yake, kisha tumia kitufe cha redio kupandisha na kushusha.

Mwalimu_Rongai

Samahani, Mhandisi, maelezo yako ni mazuri, lakini nimeyasoma yote nikisubiri mtu ataje kwamba redio hii ina kaseti. Kuna kaseti bandia yenye waya mwembamba unaoishia kwenye plagi ya milimita 3.5. Unaitia kwenye redio, unachomeka simu, na kichwa kidogo kilichomo ndani yake hupeleka sauti kwa sumaku kwenye kichwa cha kusomea cha redio. Mimi natumia hiyo kwenye gari la zamani kuliko la Ndugu Mkazi, na sijafungua skrubu hata moja.

Nakubali kwamba si kamilifu. Sauti za juu hazing'ari kama za CD, na mota ya kaseti husikika kidogo wimbo ukiwa mtulivu. Kaseti hizo pia hazifanani: zisizo na magurudumu yanayozunguka vizuri huidanganya redio kwamba utepe umefika mwisho, nayo hugeuza upande mara kwa mara au huitema. Ukinunua, zungusha magurudumu yake kwa kidole pale pale dukani, yakikwama, rudisha.

Faida yake kubwa ni ile ambayo hakuna aliyeigusa hapa. Waya wa simu huishia kwenye kaseti, haugusi umeme wa redio, kinachovuka ni sumaku tu. Ninaweza kuichaji simu kwenye tundu la kuwashia sigara huku muziki ukicheza, na sisikii ule mlio unaopanda na kushuka ninapokanyaga mafuta.

Mhandisi_Syokimau

Mwalimu, hoja hiyo nakupa bila ubishi, na ni kweli nilipaswa kuanza nayo kwa redio yenye kaseti nzima. Kasoro iliyobaki ni umri: mikanda ya mpira inayozungusha mtambo wa kaseti ya mwaka 2003 huenda imelegea, na siku itakapokatika njia hiyo itafungwa.

Huo mlio uliotajwa unastahili maelezo, kwa maana ndio malalamiko ya kwanza ya karibu kila mtu aliyefunga tundu la AUX. Simu inapochajiwa kutoka kwenye gari na wakati huohuo imechomekwa kwenye redio kwa waya, inakuwa na njia mbili za kurudi kwenye ardhi, moja kupitia chaja na nyingine kupitia wavu wa waya wa sauti. Ardhi hizo mbili hazilingani kabisa, kwa sababu mkondo wa oltaneta na wa vifaa vingine unapita kwenye bodi la gari na kuacha tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo redio huipandisha kama muziki. Ndiyo maana mlio hufuata mwendo wa injini. Kuthibitisha ni rahisi: chomoa chaja na uache muziki ukicheza. Mlio ukitoweka, tatizo si tundu wala kulehemu.

Tiba ni kuikata njia moja. Unaweza kuichaji simu kwa betri ya kubebea mkononi, au ukaweka kwenye waya wa sauti kisanduku kidogo chenye transfoma mbili, kushoto na kulia, ambazo hupitisha muziki bila kuunganisha ardhi. Vya bei rahisi sana hupunguza besi, kwa hiyo kisikilize kwanza. Wanaoficha kipokezi cha Bluetooth nyuma ya redio na kukilisha umeme wa redio hiyohiyo hukutana na mlio wa namna hiyohiyo, na wao suluhisho lao ni kukilisha kupitia kigeuza umeme kilichotenganishwa ardhi, kwa mfano B0505S, kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5 nyingine zisizogusana na za kwanza.

Mlio wa tatatata unaotokea kabla ya simu kuita ni jambo jingine kabisa. Huo ni mtandao wa GSM, ambao hurusha mawimbi yake kwa vipigo 217 kila sekunde, na dawa yake ni kuisogeza simu mbali na waya au kutumia waya wenye wavu.

MkaziKahawa

Nawashukuru nyote. Nitaanza na kaseti ya Mwalimu, na wakati inafanya kazi nitatafuta vifaa vya Mhandisi nikiwa na nafasi, ili mkanda ukikatika nisirudi kwenye masafa ya FM. Fundi Ngara, nikienda Luthuli Avenue kulitafuta hilo tundu lenye swichi, nitalitambuaje? Sitaki kuuziwa la kawaida.

FundiNgara

Sema unataka tundu la stereo la milimita 3.5 lenye miguu mitano. La kawaida lina mitatu: ardhi, kushoto na kulia. Lenye swichi lina miwili zaidi, mmoja kwa kila upande, na hiyo ndiyo miguu itakayopokea sauti kutoka kwenye mtambo wa CD. Nenda na mita yako ukiiweka kwenye mlio wa kupima waya. Gusa mguu wa kushoto na mwenzake wa swichi: mita inapaswa kulia tundu likiwa tupu, na kunyamaza ukichomeka plagi. Fanya hivyo upande wa kulia pia, kwa kuwa nimepata mengi ambayo upande mmoja unakata na mwingine haukati. Chukua mawili, bei yake ni ndogo, na chagua lenye nati ya kukazia kwenye paneli, kwa sababu la kulehemu kwenye ubao halitadumu likivutwavutwa na waya kila siku.